Edmund na Utani wa Msibani

Edmund ni mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo kwetu ni kaka, si binamu. Nikimwita nyoka msiniambie habari za damu. Damu hiyo hiyo ndiyo aliyoiuza.

Alisoma shule ya Chidya, akakijua Kiingereza mpaka ungedhani anakohoa kwa Kiingereza, na kampuni ya mbao nje ya Masasi ikamchukua kuwa karani wa ofisi ya sheria. Kampuni ile ilikuwa na wakili wake yenyewe, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Lengli, asiyemtetea mtu yeyote duniani ila kampuni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kampuni inafuata sheria za Serikali, au, kama haifuati, basi ionekane inafuata. Edmund alijifunza upesi. Jumapili alikuja kwangu, akanywa chai yangu, akanihubiria maneno ya Bwana Lengli utadhani Injili.

"Dada Cecilia, wakili wa kampuni hana haja ya kujua kilichotokea. Ajue kitakachosemwa."

Mimi ni mwalimu, mdomo wangu haulali. Nikamwambia huo ni uongo uliovaa tai. Akacheka, akaomba sukari zaidi.

Kaka yangu wa tumbo moja, Gervas, alifanya kazi kiwandani humo kwenye msumeno mkubwa wa duara. Kanuni za kampuni zilibandikwa ukutani kwa Kiingereza, na mojawapo ilisema msumeno usizunguke bila kinga, yaani lile bati zito linalozuia mkono na nguo ya mtu. Lakini kinga ilichelewesha kazi. Basi ikafunguliwa, ikawekwa ofisi ya sheria, chini ya meza ya Edmund. Mkaguzi akituma habari kwamba anakuja, inatolewa, inafutwa vumbi, inafungwa mahali pake. Mkaguzi akishapanda gari lake, inarudi chini ya meza. Kiwanda kizima kilijua. Hata mimi nilijua, maana Edmund mwenyewe alinisimulia kwa majivuno, akauita mtindo huo utaratibu.

Msimu wa korosho msumeno ukashika shati la Gervas. Walituletea sanduku limeshapigwa misumari, wakatuambia tusilifungue.

Alimwacha wifi yangu Veridiana na watoto wawili na mimba kubwa, kwenye nyumba ya kampuni yenye bomba uani. Kampuni ikilipa fidia, angekaa pale na kulea wanawe. Isipolipa, arudi kwao Newala, juu kule ambako maji yanafuatwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani. Na Veridiana alikuwa na nyonga mbovu tangu uzazi wake wa kwanza. Ngazi tatu za kanisa zilimtoa jasho, sembuse mlima ule na debe.

Tukamzika Gervas Lukuledi. Ukoo wetu una watani, na mtani wa Gervas alikuwa Husseni, mtu wa Makote, ambaye naye alisukuma magogo kiwandani pale pale. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Asiposema, msiba umepooza, na watu watadhani marehemu hakuwa na mtu. Padri alipomaliza sala zake, Husseni akarukia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka.

"Simpishi mlevi huyu! Kaja kazini na uraka kichwani, akaudhani msumeno ni mkewe, akaukumbatia! Nilipeni kwanza!"

Gervas! Mtu ambaye tangu kipaimara hakuonja hata togwa iliyochacha! Ndiyo maana tulicheka. Tulicheka huku machozi yanatutoka, na Veridiana akacheka kwa mara ya kwanza tangu sanduku lilipofika. Akamtupia Husseni kuku, Husseni akatoka, kaka yangu akapumzishwa. Edmund alikuwapo, tena alicheka kutushinda sote.

Serikali ikamtuma afisa wa kazi kutoka Lindi aje kuchunguza kifo. Alikuwa kijana wa Kiingereza aliyefika nchini juzi tu, Kiswahili chake kinaishia kwenye kuomba chai. Mkalimani wake akashikwa na homa njiani, na kampuni, kwa wema wake mkubwa, ikamwazima Edmund.

Tukakusanyika kwenye baraza la boma, Masasi. Wafanyakazi wakaitwa mmoja mmoja. Huyu hakuona. Yule alikuwa ametazama upande mwingine. Wengine walikuwa chooni. Loo, siku aliyokufa kaka yangu kiwanda kizima kilikuwa chooni! Siwalaumu sana, walikuwa na watoto wa kulisha.

Ndipo akaitwa Husseni. Bwana Lengli akasimama, akauliza kwa upole, na Edmund akatafsiri kwa Kiswahili safi.

"Je, ulisema mbele ya kaburi kwamba marehemu alikuja kazini amelewa?"

Husseni akatoa macho. "Nilisema, lakini wallahi ule ulikuwa..."

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na mjane alikukanya, au alicheka?"

Husseni akamtazama Veridiana. "Alicheka," akasema.

Edmund akampelekea afisa majibu hayo mawili kwa Kiingereza, bila lile "lakini". Bwana Lengli hakukanyaga Lukuledi siku ya mazishi. Nani alimpelekea maneno ya kaburini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Husseni si mjinga, akauona mtego. Na hapo ndipo alipoharibu, maskini. Angemgeukia afisa, akasema polepole kama mtu aliye kanisani: kinga haikuwapo, iko mahali fulani. Lakini tangu utoto hajapata kusema na Edmund ila kwa matusi, na hiyo ndiyo heshima baina yao. Akamgeukia mtani wake.

"Wewe Edmund, mla panya usiyenawa! Wewe ndiye uliyemuua Gervas! Kinga ya msumeno umeificha chini ya meza yako, unaiegemezea miguu yako inayonuka! Kailete hapa, mwizi wee, Mzungu aione!"

Kweli yote ilikuwa imeshasemwa, kwa sauti, mbele ya Serikali. Afisa akamuuliza Edmund mtu huyu anasema nini.

Jamani, Edmund akacheka! Akacheka kicheko chenyewe cha mtani aliyetukanwa akatukanika, akajipiga paja. Kisha akasema kwa Kiingereza, nami nikasikia neno kwa neno, maana Kiingereza ninakifundisha:

"Bwana, huyu ni mtani wangu. Huku kwetu kuna desturi, watu wa koo fulani hutukanana na kusingiziana hata mauaji, kwa mzaha tu. Hakuna anayeyachukua maneno hayo kuwa ushahidi."

Afisa hakuwa mpumbavu kabisa. Akakunja uso, akauliza, "Na yale ya kaburini, je? Si mzaha huo huo?"

Nikasema kimoyomoyo, Mungu yupo. Edmund akainamisha kichwa kidogo, akajitia huzuni.

"Kaburini, bwana? Hapana. Mbele ya maiti sisi hatufanyi mzaha. Ingekuwa kufuru."

Nikasimama. Nikapiga kelele kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kimakua, vyote pamoja: mwongo, alikuwapo, alicheka mwenyewe, nendeni mkatazame chini ya meza! Bwana Lengli akamnong'oneza afisa kwamba ndiye dada wa marehemu, ni uchungu. Askari akanishika mkono, akanitoa nje, akaniambia, "Pole, mwalimu."

Afisa, tumpe haki yake, alikwenda kiwandani alasiri ile. Akaikuta kinga imefungwa juu ya msumeno, imepakwa mafuta, inang'aa. Akaandika kwamba marehemu alikuja kazini amelewa, na kampuni haina deni. Husseni akafukuzwa kazi kwa utovu wa adabu.

Jumapili Edmund akaja kunywa chai. Hamwamini? Alikuja! Akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Dada, kazi ni kazi. Nisingesema mimi, angesema mwingine." Nilimmwagia birika zima. Alama anayo shingoni, na akiulizwa husema ni ugonjwa wa ngozi.

Lakini birika halikumsaidia Veridiana. Siku ile ya boma alinifuata nje akijishikiza ukutani, tumbo mbele.

"Wifi," akaniuliza, "Husseni ameitaja kinga, nimemsikia kwa masikio yangu. Mbona Mzungu hakuandika?"

Nikamweleza alichosema Edmund, chote, sikumficha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ningelia," akasema. "Pale kaburini. Ningelia tu kama wanawake wengine."

Nikamwambia la, si wewe wifi, ni yule shetani, ni lile sanduku la misumari, ni mimi niliyejua habari ya kinga nikanywa nayo chai. Hakunisikia. Juma hilo hilo walimtoa kwenye nyumba ya bomba, akapanda Newala, akaanza kushuka bondeni na debe. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye mtelemko, na hakufikisha jioni.

Siku hizi watani wakianza vituko vyao msibani, watu wote wanaangua kicheko. Veridiana huziba mdomo kwa khanga, akageuka kwanza kutazama nani amekaa nyuma yake.