Sakafu ya Nyumba ya Meneja

Jirani yetu, fundi cherehani, anawasimulia wateja wake kwamba siku ile nilipandwa na kichaa. Anasema nilimfungia afisa wa makumbusho ndani ya nyumba ya meneja, nikamtolea panga, kisha nikalala chali sakafuni nikimtukana mpaka babu yake. Anasimulia huku anampima mtu kiuno, na mtu akiwa kwenye futi hawezi kuondoka.

Panga sikuwa nalo. Nilikuwa na kitambaa na kopo la nta. Wala sikulala, nilikaa. Na babu aliyetajwa siku ile alikuwa wangu mimi.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya kiwanda cha mbao. Kiwanda kimebaki mabati na kutu, lakini nyumba imesimama, na sasa inageuzwa makumbusho. Mimi ni mfagiaji wake, mwaka wa nne huu. Sakafu ninaipaka nta kwa magoti, ubao kwa ubao, na ukipita mahali kwa magoti unapajua kuliko wanaopita na viatu.

Babu, mzaa mama, alifanya kazi kwenye msumeno mkubwa. Alinieleza jambo ambalo halimo kwenye kabati la picha la makumbusho. Gogo likimuumiza mtu, mbao zake wanaume wa kiwandani walikataa kuzipakia kwenye lori. Hazitoki, basi. Meneja alifoka, akatisha, akachoka. Mwishowe akaamua azichukue yeye, ajengee nyumba. Mafundi wakamtandikia sakafu, na kila ubao wakautia alama kwa patasi kwenye ncha, karibu na ukuta. Mkato mfupi ni kidole, mrefu ni mkono, na duara ni yule ambaye hakurudi nyumbani. Meneja alipouliza, wakamwambia ni za kuzuia mbao zisipinde. Akaridhika, tena akawa anawaonyesha wageni wake. Babu akifika hapo alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Ubao wake uko chumba cha kulia chakula, wa tatu kutoka dirishani. Mikato miwili mifupi.

Yule afisa tulimwita Bwana Faili, maana hata chooni alikwenda nalo. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alinisalimia, ila kuhusu nyumba hakuwahi kuniuliza hata swali moja, na mimi nikangoja aniulize, nikidhani ndiyo adabu. Kosa hilo ni langu. Basi asubuhi hiyo akaja na seremala na randa ya umeme, kwa sababu wageni wa ufunguzi walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Hizi ncha zimechakaa sana," akamwambia seremala, akionyesha kwa kalamu. "Sijui ni panya, sijui ni uzembe wa mafundi. Piga randa mpaka ziishe, halafu vanishi. Irudi kama meneja alivyoiacha."

Seremala akaenda kutafuta pa kuchomeka waya. Mimi nikaenda nikakaa juu ya ubao wa tatu, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha.

"Dada, samahani, hapo ndipo ninapoanzia," akaniambia seremala aliporudi.

"Anzia kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kwako."

Seremala akacheka chini chini. Bwana Faili hakucheka. Akaniuliza kuna nini, nami nikamweleza yote, taratibu, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, sikatai.

"Hadithi nzuri," akasema. "Kuna maandishi yoyote?"

"Umeyakanyaga."

Akasogeza kiatu. Kisha nadhani akaona aibu kukisogeza, akakirudisha palepale.

"Nazungumzia karatasi, binti. Barua, ripoti. Familia ya meneja imetuletea albamu tatu nzima, na humo hamna hata..."

"Mle kuna picha ya mtu aliyekatwa vidole?"

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"La saba. Na waliochonga hizi hawakufika hata la kwanza, kwa hiyo usiogope, hazitakushinda."

Seremala alikuwa amepiga goti kwenye ubao wa pili, anapitisha dole gumba ndani ya duara. Akalizungusha mara mbili.

"Hii patasi ilinolewa," akasema. "Panya hawezi kazi hii, mzee." Akachomoa waya, akaukunja mkononi. "Mimi niko barazani. Mkielewana mniite."

Tukabaki wawili. Bwana Faili akalifungua faili, akalifunga. Akasema maelezo ya ukutani yameshachapwa, yanasema meneja alijichagulia mbao bora kuliko zote. Nikamwambia waliokataa kuzipakia ndio waliomchagulia, yeye hakuchagua.

"Basi tufanye hivi. Tupige picha alama zote kwanza, ndipo randa ipite."

"Picha ya babu ninayo nyumbani. Hapa ni vidole vyake."

"Kazi yako unaipenda?"

"Sana. Ndiyo hii naifanya. Niliambiwa nitunze sakafu."

Akatembea mpaka dirishani. Kule nje seremala alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, wala hakuonekana mtu mwenye haraka. Bwana Faili aliporudi, alichuchumaa mbele yangu, suruali yake ya pasi ikajikunja magotini, na kwa mara ya kwanza faili liliwekwa chini. Akashusha sauti.

"Mimi nimetumwa tu. Kuna watu juu yangu, na wao wana watu juu yao. Inuka, mdogo wangu. Nakuomba. Inuka."

Nikavua kandambili, nikazipanga pembeni, nikakunja miguu vizuri.