Mikono ya Mpika Bia

Siku za kupika, Dada Kimea aliamka mapema, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya mpira na kuwasha jiko la gesi chini ya sufuria kubwa la chuma. Sufuria hilo lilisimama pale ambapo zamani magari yalipakwa rangi, kwani jengo lilikuwa gereji ya marehemu baba yake, na sakafu ilikuwa bado na madoa mekundu na ya bluu yaliyogoma kutoka. Alimimina kimea, akakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, akisikiliza jinsi uji ule unavyobadilisha sauti ukikaribia kuiva. Kwa sauti tu alijua. Watu wa mtaa walimwita Dada Kimea kwa sababu harufu ile haikumtoka hata akivalia nguo za harusini.

Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, ambaye walimwita Chaji kwa kuwa popote alipoingia swali lake la kwanza lilikuwa soketi iko wapi. Chaji alibandika lebo, alipeleka chupa kwenye baa na aliandika mtandaoni. Kuandika ndiko alikokupenda. Dada mtu hakuwa na nafasi, mikono yake ilikuwa imelowa kutwa nzima.

"Wewe ndiye uliyejaliwa maneno," alimwambia. "Waandikie."

Wa kuandikiwa walikuwa wanachama wa Onja Kwanza, jukwaa la mtandaoni la watu wanaopenda bia za viwanda vidogo. Walikuwa watu wazuri, na wasumbufu kupita kiasi. Kabla yao, kila baa mjini iliuza bia moja ya njano, tena baridi kiasi kwamba ulimi haukupata nafasi ya kuuliza swali. Wao ndio waliowafundisha watu kunusa kabla ya kunywa. Walianza kwa kutaka uchungu, na kwa muda mrefu wakataka uchungu zaidi, mpaka masikio ya mnywaji yasimame. Kisha wakahamia kwenye bia zenye ukungu usiopenya macho, kisha zile chachu zinazokunja uso. Wakigeuka wao, wapika bia wote waligeuka, na mwenye baa wa pale kona akanunua glasi zenye shingo na kuacha kugandisha chupa. Waligombana juu ya povu kama ndugu wanavyogombania shamba, halafu mmoja wao akiugua, wote wakamtumia pole.

Na walichoandika kiliingia pipani. Mwanachama aliyejiita Ulimi wa Paka alipoandika kwamba bia nyeusi ya gereji inaacha mdomoni ladha ya maganda ya chungwa, asubuhi Dada Kimea alifungua mfuniko wa pipa la kuchachushia akakuta maganda yanaelea. Akayatoa kwa kichujio. Mwingine, Glasi Tupu, aliandika kwamba inamkumbusha shati lililoanikwa juani, na shati likapatikana chini ya pipa, jeupe, kavu, limepigwa pasi. Lilimkaa Chaji vizuri. Shangazi Chungu alipotaja kiatu kipya cha ngozi, kilikuja cha kushoto peke yake. Dada Kimea akamtuma Chaji aombe kwa heshima atajiwe na cha pili. Kikatajwa, kikaja.

Kosa lilianza kwa neno moja. Siku ya kwanza kabisa Chaji aliandika, "Tumepika bia nyeusi, karibuni." Mtu akamjibu, "Hongera, umepika vizuri mno." Alitaka kumsahihisha, lakini simu ikazima. Ilipowaka tena, hongera zilikuwa zimejaa, na hongera ni tamu. Akaziacha zilivyo. Baada ya hapo kusahihisha kulionekana kama kumwaga mchanga kwenye chakula cha watu.

Dada Kimea hakukasirika. Mchana, akisubiri uji upoe, alishika simu ya mdogo wake na kusoma yote waliyoandika. Alipobadilisha kidogo tu moto wa mwanzo, hakuna mtu nyumbani aliyejua, lakini Glasi Tupu alijua, akaandika aya nzima. Alipochanganya kimea kilichokaangwa zaidi, Shangazi Chungu alimshukuru kana kwamba ameletewa mgeni aliyemngoja. Watu hawa peke yao duniani walielewa anachokifanya. Aliwapenda, na alipopika aliwapikia wao. Alichotaka ni kimoja: siku moja mmoja wao amtazame usoni na kusema, wewe.

Badala yake Ulimi wa Paka akaandika, "Hii ni bia ya mwanamume mvumilivu. Naapa kaka huyu ana kovu la moto mkononi." Asubuhi Chaji alikuja kunywa chai na kovu kwenye kifundo cha mkono.

"Dada, hili si lako?"

Dada Kimea aliuvuta mkono ule akautazama. "Ni langu. Nililipata siku sufuria la kwanza lilipofurika."

"Haliumi."

"Liliuma wakati ule. Mimina chai."

Akatazama kifundo chake. Kilikuwa laini kama hakijawahi kukaribia jiko. Moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia, kwa kuwa kovu lile alikuwa amelizoea na alilihesabu kama cheti chake.

Kisha jukwaa likasifu viganja vigumu vya mpishi, na sugu za Dada Kimea zikahama. Mwiko ukawa unamtoa malengelenge, na malengelenge yakifika jioni yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa mdogo wake. Chaji alipata tabu. Vidole vyake vilikuwa vigumu mno, hata simu haikuvitambua, na kuandika "asanteni" kulimchukua robo ya asubuhi.

"Waambie," alisema Dada Kimea.

"Nitawaambia, dada. Si wanakuja hapa Jumamosi kuonja? Jambo kama hili linasemwa uso kwa uso."

Jumamosi walikuja, kila mmoja na glasi yake aliyoifunga kwa taulo kama mtu aliyebeba mayai. Ulimi wa Paka kumbe ni daktari wa meno, mfupi, mwenye aibu. Shangazi Chungu alikuwa muuguzi, na alikuja na sare kwa sababu alitoka zamu. Glasi Tupu alikuwa mzee mstaafu wa posta aliyetembelea fimbo. Walikaa kwenye mabenchi, Dada Kimea akawamiminia. Walinusa wamefumba macho. Mmoja akisema ndizi, ndizi zilitokea benchini, nao walizisogeza pembeni wapate pa kuweka glasi. Dada Kimea alisimama karibu na sufuria, akiwatazama mmoja mmoja kwa furaha.

Chaji akainuka. Alikuwa ameahidi, na alisema. Tumpe haki yake, alisema.

"Wapendwa, bia hii sipiki mimi. Anapika dada yangu huyu hapa. Mimi nabandika lebo tu."

Shangazi Chungu akafuta machozi kwa mkono wa sare.

"Mnamwona mtu asiyejikweza?" alisema. "Mafanikio yote haya, anampa dada yake!"

Wakapiga makofi. Ulimi wa Paka alisahau aibu yake, akaunyanyua mkono wa Chaji juu, kovu likaonekana na wote.

"Na hili ulilipata kwenye lebo?" aliuliza, na watu wakacheka kwa upendo mtupu.

"Ni mimi ninayepika," alisema Dada Kimea.

Walimsikia. Walimtabasamia. Glasi Tupu alimwendea polepole, akaegemeza fimbo kwenye benchi, akaishika mikono yake miwili na kuigeuza viganja juu. Aliitazama kwa umakini ule ule alioitazamia bia yake.

"Mwanangu," alisema, "una bahati ya kaka. Hata mikono amekutunzia."

"Ni mdogo wangu, mzee."

"Anakutunza kama mkubwa," alisema Glasi Tupu, na akarudi kukaa.

Jioni waliandika kwamba hawajawahi kunywa bia yenye unyenyekevu kama ile. Tangu siku hiyo povu lake liliinama kila glasi ilipokaribia mdomo, na wateja wakaongezeka.

"Nilisema, dada," Chaji alimwambia walipokuwa wanasuuza mapipa.

"Ulisema. Nilikusikia."

"Wamekataa kuelewa."

"Wamesema nini kuhusu bia yenyewe?"

Akamsomea, akiburuza kidole kigumu kwenye kioo. "Glasi Tupu anasema safari hii umeiacha ipoe kwa muda mrefu zaidi. Anasema umefanya vyema."

"Ni kweli," alisema Dada Kimea, na alifurahi. Haikuwa furaha ya kujilazimisha. Aliomba asomewe tena sehemu ile.

Wiki iliyofuata alipika nyingine. Uji ulipochemka aliinama kupunguza gesi, sufuria likatapika, na maji ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Aliona mvuke ukitoka kwenye ngozi. Akakaza meno akingoja. Hakikuja kitu. Mkono ulikuwa umelowa tu.

Kutoka chumba cha lebo Chaji akapiga ukelele.

Dada Kimea alishusha moto, akateka maji baridi kwenye beseni, akaenda. Alimkuta mdogo wake ameketi sakafuni, mkono wake wa kulia umeiva wote, machozi yanamtiririka. Akachuchumaa mbele yake na kuuzamisha mkono ule majini taratibu.

"Inauma, dada."

"Pole. Pole sana."

Akakaa naye mpaka kilio kilipopungua. Akamtazama usoni, kisha akautazama mkono ule ndani ya beseni.

"Inaumaje?" alimwuliza. "Hebu niambie."

Chaji akamweleza, inavyochoma, inavyopanda, inavyorudi. Dada Kimea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kukoroga kabla uji haujashika chini.