Televisheni Kutoka Mofu

Mzee Raimundi aliifunga televisheni ya nyumbani nyuma ya pikipiki, akaitoa Mofu hadi Ifakara kwa fundi wa kompyuta. Kikompyuta cha kupimia maji ya jaruba lake la mpunga, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kimegoma, naye aliamini bila kioo kikubwa hakichunguziki.

“Shikamoo, baba,” fundi Scolastica alimwamkia, akicheka.

Alichomoa kadi ya kumbukumbu ya kikompyuta, akaitia kwenye laptop yake, akaiandikia mistari miwili tu ya maagizo, akairudisha. Kisha akakichomeka kikompyuta kwenye laptop hiyo kwa waya mmoja wa USB. Waya uleule ukakipa umeme, uleule ukaleta vipimo vyote kwenye kioo cha laptop.

Raimundi alishika kiuno. “Binti, una kichwa wewe!”

Halafu akaigeukia televisheni. “Sasa mke wangu, niliyemng'olea hii katikati ya tamthilia, nakwenda kumwambia nini?”