Ada ya Mwezi wa Kenda

...na miguu yake ni myepesi, myepesi mno kwa mtoto wa umri huu, nimemshika Anastasie kwenye vifundo, kichwa chini, mikono imekaza juu ya godoro, namwambia sukuma ardhi, mwanangu, isukume kama unataka kuisogeza, usikunje mgongo, na mama yake amekwisha fika, Mama Vestine, yuko mlangoni mwa hangari, ametua kikapu chini, amekuja kulipa, na mimi sitaki kumaliza, maana nikimshusha mtoto itabidi nigeuke na kukipokea, na nimeshaona kilichomo, maharagi, ya kijivu, yamelala ndani ya majivu, na hakuna mtu wa milima hii asiyejua maharagi ya namna hiyo ni yapi, yamewekewa majivu ili wadudu wasiyaguse mpaka mvua irudi, si ya kupika, si ya kuuza... tazama mtoto, tazama mtoto tu, na yeye kutoka chini ananiambia, "Mwalimu, usiniachilie bado," sikuachilii, nasema, sikuachilii, na juma zima lililopita nilimwachilia, nilimketisha kwenye benchi la wasiolipa, mbele ya wenzake, mimi niliyefundisha miaka yote hii bila kumpiga mtoto hata mmoja, nilisema kwa upole, kwa ile sauti yangu ya darasani, asiyeleta ada hashiki chuma wala hagusi godoro, ndiyo kanuni, klabu ya mazoezi ya viungo si shule ya misheni, haina askofu wala serikali ya kuilisha, ina mimi peke yangu, naye akakaa, mikono chini ya mapaja, akiwatazama wenzake wakianguka vibaya katika jambo analoliweza kuliko wote... lakini kodi, kodi ndiyo ya kwanza, humu zamani walikaushia pareto, mwenye shamba amerudi kwao Ulaya na msimamizi wake anataka pesa kila mwisho wa mwezi, makuta, tangu pesa ibadilishwe mwaka jana hataki kusikia habari ya kuku, halafu bomba la chuma la kuning'inia, halafu Papa Benoît seremala na miti miwili ya kulishika, halafu turubai ya godoro, tukalijaza mabua ya maharagi kwa kuwa pamba haishikiki bei, halafu bukta nyeupe, kwa nini nyeupe, katika matope haya ya Ngungu, nani aliniambia nyeupe... niliona picha kichwani, watoto wamepandana mabegani uwanjani Sake siku ya soko, watu wamelipa kiingilio, kiingilio kimelipa kodi, kodi imenyamaza, na siku ilipofika hakuna aliyelipa, uwanja hauna ukuta, walisimama barabarani wakatazama bure, wakatupigia makofi vizuri sana... Papa Benoît yuko juu ya ngazi anagonga misumari, anamtania Mama Vestine, ati mwaka huu huyu binti atawalimia shamba miguu ikiwa juu, na Mama Vestine anamjibu, nasikia nusu tu, kwamba zamani mutoto walikuwa wanamutuma masomoni ajue kuandika, "sasa tunalipa asimame kama popo," na Benoît anacheka, na mimi nacheka kidogo, kwa adabu, huku nimeshika miguu ya popo wao, na uso unawaka... nilijiona mtu mwema, hilo ndilo linalonichoma, niliposema asiye na makuta alipe maharagi walinishukuru, mama mmoja alinishika mikono yote miwili, nami nikaweka tarehe, mwezi wa kenda, kwa sababu shule hufunguliwa mwezi wa kenda, mwalimu huanza kila kitu mwezi wa kenda, chaki mpya, majina mapya, na mwezi wa kenda katika nyumba za hapa mavuno yameshaliwa, yamebaki mateke, magimbi yetu ya mabondeni, na mihogo na chungu kile kimoja, na mimi si mgeni, mimi ni mtoto wa mkulima, nimezaliwa nyuma ya kilima hiki hiki, mama yangu alichagua punje moja moja akiwa ameketi mlangoni, akazichanganya na majivu ya jikoni, na mwaka wa njaa niliingiza mkono chunguni, akanikuta, akanifungua vidole polepole, akasema hii si yetu, ni ya shamba, hakunipiga, labda kwake ndiko nilikojifunza kutopiga, na sikujifunza lile jingine... yalipoanza kufika, kikapu baada ya kikapu, yote ya kijivu, Emérence mke wangu alisimama na ungo mkononi, akaniuliza, "Papa, hii si mbegu ya watu?" na nikamjibu ni vumbi, vumbi la njia, uyaoshe, mfanyabiashara wa Sake hapokei maharagi machafu, hakuosha, aliweka ungo chini akaenda zake, nikaosha mimi mwenyewe mtoni, maji yakageuka rangi kati ya vidole vyangu na nikaendelea kusema vumbi, vumbi, halafu lori likayachukua, yakawa chuma hiki, yakawa misumari ile, na Jumapili baada ya misa niliwaambia wazazi, kwa upole, siku zote kwa upole, tafadhali, mnaoleta maharagi, leteni yaliyo safi... na sasa mvua imeanza, nimepita njiani asubuhi, majembe yote yako mashambani, na mashamba mengine hayana mtu, na nilipita haraka... viwiko vya Anastasie vinaanza kulegea, kaza, mwanangu, kidogo tu, na Mama Vestine anapaza sauti kutoka mlangoni, anaogopa ninachelewa kwa sababu yake, "Unisamehe, Mwalimu, sikupata nafasi ya kuyaosha."

Benoît amegeuka juu ya ngazi, nyundo mkononi. Benoît naye ana mke, naye alinilipa maharagi, safi, yameoshwa, yanang'aa, nikamsifu... na tayari nasikia jibu langu likijipanga mdomoni, zuri, laini, rudisha tu, Mama, utalipa ukivuna, nimekuhurumia, na atanishukuru, wataenda wakisema Mwalimu ana moyo, na wale wengine watabaki na shamba tupu na bado nitakuwa mtu mwema, hapana, si hilo, chuma kitashuka, kiende kwa yeyote wa Sake atakayekitaka, hangari irudi kwa msimamizi, itafutwe mbegu popote kabla udongo haujapita wakati wake wa kupandwa, na ikikosekana nitazunguka nyumba kwa nyumba hivyo hivyo, mikono mitupu, lakini kwanza kuna neno moja, wala si nisameheni, nisameheni ni rahisi, watanisamehe kabla sijamaliza kulitamka, bado namshika, miguu yake imenyooka kabisa sasa, kama nilivyomfundisha, mama yake anangoja, Benoît anangoja juu ya ngazi, nitamshusha mtoto taratibu, nitageuka, na sitasema sikujua, nitasema nilijua, Mama Vestine, tangu kikapu cha kwanza, nilijua ni mbegu.