Ndoo ya Buluu

Mjomba wao, fundi baiskeli, aliwaachia baiskeli moja na kusema ni yenu wote wawili. Maskini, alidhani ametenda haki. Haukupita mwezi baiskeli ikawa na mwenyewe, na huyo mwingine akawa mwoshaji wake.

Mwenyewe ni kaka mtu, ambaye nyumbani walimwita Bingwa tangu hajaota meno. Mdogo wake wa kike alishona sare za shule kutwa nzima, na kwa wembamba wake na kazi yake wakamwita Sindano.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mbio za matopeni, zile za kuzunguka uwanja mara sita. Ukifika kwenye mbao zilizokingama njiani unashuka, unaibeba begani, unaruka, unapanda tena. Wanawake hutangulia asubuhi. Wanaume huanza nusu saa baada ya mshindi wa kike kuvuka mstari. Kwenye nguzo ya kiti kulikuwa na alama mbili: ya chini, ya rangi ya kucha, ni ya Sindano, ya juu, ya utepe mweusi, ni ya Bingwa. Na katikati ya mbio hizo mbili kulikuwa na kazi ya kuosha, ambayo hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani. Bingwa alisema lazima apashe misuli moto, na mtu hawezi kupasha misuli moto huku ameshika brashi. Mama yao akaunga mkono: kaka yako asisumbuliwe.

Ndipo ikaja habari ya ndoo. Bingwa alipiga hesabu zake akaona kwamba Sindano akimaliza mizunguko yote sita, muda wa kuosha hautoshi. Kwa hiyo walikubaliana, yaani Bingwa alikubaliana na nafsi yake, kwamba mzunguko wa tano ukiisha atasimama bombani, kando ya uwanja, na kunyanyua ndoo ya buluu. Sindano akiiona, atoke kwenye mbio. Mzunguko mmoja ni dakika nane. Kwa ajili ya dakika nane hizo alitoka misimu mitatu mfululizo, na kila mara baiskeli ilikuwa safi robo saa nzima kabla ya kuhitajika. Kwenye karatasi ya matokeo, mbele ya jina lake, liliandikwa neno lile lile: hakumaliza. Watu wakasema binti ana miguu, pumzi hana. Aliyasikia yote, akameza.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na uwanja wote ulikuwa uji. Bingwa alimkumbatia kabla ya kuanza, jambo ambalo si kawaida yake, akamwambia leo usijichoshe, we zunguka tu. Sindano hakumsikiliza. Katika mzunguko wa tano aliwapita wawili kwenye kilima, wa pili wao akiwa anasukuma baiskeli kwa miguu, akajikuta wa tatu. Wa tatu! Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na kwa mara ya kwanza akaomba asiione ndoo.

Aliiona. Bingwa alikuwa ameinyanyua juu kabisa. Miguu ya Sindano ilimtoa nje ya kamba za uwanja kabla hajaamua lolote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Alianza kuosha papo hapo, maana matope mabichi hutii maji, lakini yakikauka yanashika kama saruji. Alichokonoa majani kwenye meno ya gea kwa kijiti, akapitisha tambara kwenye kila spoku. Kipaza sauti kilimtaja wa tatu. Ni yule aliyekuwa anasukuma.

Kocha wa timu kubwa alimkuta amechuchumaa hapo. Alikuwa mama mnene aliyechomeka penseli nyweleni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimuuliza baiskeli imeharibika wapi.

"Haijaharibika, Mama. Kaka anaihitaji."

"Kwani hakukwambia? Nimeongea naye asubuhi, hapa hapa bombani. Leo ningekuandika kwenye orodha ya timu hata ukiwa wa mwisho, mradi umalize. Wenzangu hawataki mtu ambaye hajawahi kumaliza. Nilimwambia akwambie usitoke."

"Na orodha?"

"Inafungwa leo, mwanangu."

Kumbe lile kumbatio lilikuwa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Sindano aliona uchungu. Angeweza kuitupa baiskeli ile kwenye dimbwi, na mimi ningemshikia tairi moja. Badala yake aliiosha kuliko siku zote, akakipandisha kiti hadi kwenye utepe mweusi, akakaza. Mikono haikujua kazi nyingine.

Bingwa alipokuja kuichukua, Sindano alimuuliza ni nini kocha alichomwambia asubuhi. Kaka mtu alizungusha pedali, macho yake yakiwa kwenye mnyororo.

"Mambo yake tu. Usingeyaweza yale. Nilikuwa nakukinga na aibu." Kisha akauliza, "Umeupaka mafuta?"

"Nimeupaka."

Mzunguko wa tano wa wanaume ulipokuwa unaisha, Bingwa alikuwa anaongoza peke yake. Sindano alisimama bombani, pale pale aliposimama kaka yake, akainyanyua ndoo ya buluu juu ya kichwa kwa mikono miwili. Bingwa aliiona. Walitazamana. Alicheka kama mtu aliyetaniwa, akakanyaga pedali, na gurudumu la nyuma likamrushia dada yake matope kifuani. Watu wakampigia makofi.

Sindano aliishusha ndoo. Alitia ndani brashi, tambara na kijiti, akaiweka chini ya bomba, akatoka getini bila kungoja mshindi atajwe.

Alikuwa amefika mbali barabarani simu ilipoita. Bingwa alikuwa anahema kwa furaha. Ameshinda, alisema, kocha amemwandika, mama ameshaambiwa. Halafu akauliza yuko wapi, maana matope yanaanza kukauka.

"Ndoo unaijua, Kaka," alisema Sindano, akakata simu.