Siku Tatu Kaskazini ya Ngare Nairobi

Mwaka 1949 mvua za masika hazikunyesha tambarareni, na serikali ikataka njia ya kupeleka wachimba visima upande wa kaskazini wa mlima. Kazi ya kuitafuta njia hiyo alipewa mpima ardhi mmoja Mwingereza, Bwana Hollis. Alichukua watu wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Fikirini, dereva wa jipu, mtoto wa fundi cherehani wa Moshi mjini. Wa pili alikuwa Elimringi, Mlutheri wa Masama, mwendesha pikipiki. Wawili hao walifahamiana tangu vitani Abisinia, ambako walilala hema moja miezi minane. Elimringi ndiye aliyetangulia. Aliingia katikati ya miiba na makorongo akitafuta pa kupita, kisha akarudi kuwaonyesha. Jipu lilimfuata likiyumba, gia ya chini, magurudumu yote manne yakivuta kwenye vumbi jeupe lililowaziba pua.

Siku ya pili asubuhi, mbali kidogo kupita Ngare Nairobi, gurudumu la mbele la jipu lilitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama muhanga. Springi ilikatika, na debe la maji likapigwa na kona ya sanduku la vyuma likapasuka. Fikirini alilirukia kuliziba kwa viganja. Ardhi ilikuwa imekwisha kunywa yote.

Zilibaki chupa mbili za bati za Bwana Hollis, moja imejaa, nyingine nusu. Ilikuwapo pia ya tatu, ambayo hakuna aliyeijua ila Fikirini. Aliijaza Moshi na kuifunga ndani ya blanketi chini ya kiti chake. Vitani alikuwa amejifunza kuwa na maji yake mwenyewe.

"Elimringi, utarudi kuleta msaada," alisema Bwana Hollis, akimkabidhi ile chupa ya nusu. "Saa tisa utakuwa umefika kwenye mashamba."

"Bwana, tairi la mbele lina viraka vitatu. Likipasuka nitatembea. Maji haya hayatoshi mtu anayetembea."

"Halitapasuka. Sisi hatujui tutakaa hapa siku ngapi."

Elimringi alimgeukia Fikirini, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Huna hata kidogo, ndugu yangu?"

Fikirini alikuwa ameinama, anatazama springi. "Sina," alisema.

Elimringi alifunga kitambaa puani, akapiga teke pikipiki mara mbili, ikawaka. Walisikia mlio wake muda mrefu.

Mchana ule, Bwana Hollis alipolala kwenye kivuli cha gari, Fikirini alitoa chupa yake akanywa. Kesho yake akanywa tena. Wakati huo alijiambia kwamba Elimringi amekwisha fika.

Siku ya tatu jioni walipita Wamasai wanne na punda zao wakihamia kwenye maji, wakawapa maziwa na kukubali kuwaongoza. Walifuata alama za tairi usiku kwa mbalamwezi. Baada ya maili tisa alama zile zilibadilika, zikawa pana na zilizopinda, na kando yake zikaanza nyayo za viatu. Tairi lilikuwa limepasuka, naye Elimringi hakuiacha pikipiki. Ilikuwa mali ya serikali, na alikuwa ameitilia sahihi. Aliisukuma maili nne juani.

Walimkuta kando ya pikipiki, amelala kifudifudi, shati amejifunika kichwani. Mzee mmoja wa Kimasai alimgusa shingo, akatikisa kichwa. Fikirini alikaa chini. Bwana Hollis alipomwambia ainuke wambebe, ilibidi amwambie mara tatu.

Ofisini Moshi iliandikwa kwamba marehemu alipotea njia kwa uzembe wake mwenyewe. Fikirini aliulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Akajibu, "Ndiyo."

Elimringi alikuwa amekwisha zikwa kihambani, shamba la migomba la ukoo wake, Fikirini alipopanda Masama kwa miguu kutoka Bomang'ombe. Mke wa marehemu, Eliaichi, alikuwa akimkatia ng'ombe migomba. Baba wa marehemu, Mzee Ndelilio, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenzake wa vitani. Karibu."

Fikirini hakukaa. Aliwaeleza yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye chupa, Eliaichi aliacha kukata.

"Alikuomba?" aliuliza.

"Aliniomba, shemeji."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sina."

Eliaichi alimtazama hadi Fikirini akainamisha macho. Mzee Ndelilio ndiye aliyesema. "Wameandika mwanangu alipotea. Alipotea?"

"Hapana, mzee. Alikuwa kwenye njia aliyoitafuta mwenyewe."

"Basi kawaambie hivyo. Na hilo la maji uwaambie."

Kesho yake Fikirini alirudi ofisini akasema yote mbele ya ofisa na karani wake. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia faili limefungwa na kwamba dereva anayebadilisha maneno yake hafai kuajiriwa. Aliambiwa aache funguo za jipu mezani.

Jumapili alipanda tena Masama kuwaambia kwamba hawakukubali kuandika upya. Watu walikuwa wakitoka kanisani, wengine walimjua sasa, wakampisha njiani bila salamu. Eliaichi alimsikiliza kutoka mlangoni, mtoto mgongoni.

"Uliwaambia kweli? Na la maji?"

"Niliwaambia."

"Watu wangapi walikusikia?"

"Wawili."

Alifikiri kidogo. "Hapa kijijini wapo wengi wanaoamini alikuwa mzembe," alisema. "Anza na wale pale." Akamwonyesha kwa kidevu wazee waliokuwa wakishuka kutoka kanisani, kisha akaingia ndani.

Fikirini alivua kofia akawafuata.