Picha Ishirini na Sita za Gaetano

Alhamisi saa nne asubuhi Teresina alifika kwenye studio ya Namukasa, pale Gurei, akiwa na flashi aliyoifunga kwenye pembe ya leso. Ndani yake mlikuwa na picha ishirini na sita za marehemu mumewe, Gaetano. Jumamosi angetimiza miaka mitatu tangu azikwe, na picha zingeoneshwa ukumbini kanisani, kwenye skrini mpya.

Namukasa, Mganda aliyekaa Juba miaka kumi na miwili, alifungua ya kwanza. Ilipigwa mwaka 2008, kwa kamera ndogo waliyoinunua Arua wakirudi kutoka ukimbizini. Gaetano alikuwa amejaa picha nzima, anacheka.

"Mama Kenyi, shida iko hapa," Namukasa alisema. "Picha yako imekaa kama dirisha. Skrini ya kanisa imekaa kama mlango umelazwa chini. Nikiivuta, mzee atakuwa mnene. Nikiikata juu, tunapoteza paji la uso."

"Gaetano hakunenepa hata siku moja."

"Basi naiweka katikati, pembeni inabaki nyeusi huku na huku."

"Fanya hivyo."

Namukasa akaandika vipimo, elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini, akaongeza mwanga kidogo usoni. Wakanywa chai. Vikombe vilipofika nusu, ule weusi wa pembeni ulikuwa umeanza kujaa. Kushoto kulitokea beseni la bluu, kisha kamba ya nguo, kisha ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu.

"Zako zinajaa haraka," Namukasa alisema. "Za Mzee Levi zilichukua siku nzima."

Teresina akasogeza kiti. Siku zile kamera ilikuwa ya kupigia watu picha. Nyumba ilikuwepo tu, nani angepoteza picha kwa nyumba? Sasa ilikuwa inapanda mbele ya macho yake, picha hadi picha, mpaka ikaezekwa mabati. Alikuwa amesahau kwamba mlango waliupaka kijani kwa sababu rangi nyingine zilikwisha dukani. Alikuwa amesahau ufuta ulioanikwa juu ya turubai, na kandambili za mwanawe Kenyi alipokuwa na miaka minne, kila mara ya kushoto kwenye mguu wa kulia. Yeye mwenyewe hakuonekana popote, maana ndiye aliyeshika kamera, ila kwenye picha moja kivuli chake kilikuwa kimelala ukutani. Alikitazama muda mrefu. Kilikuwa chembamba.

Kwenye picha ya tisa, upande wa kulia, akatokea Laku, mdogo wake Gaetano, kijana wakati huo, amebeba fremu ya mlango begani. Kwenye ya kumi alikuwa ameketi kizingitini, anakula kwenye sahani ya Teresina.

Mwaka juzi Laku aliwaambia wazee wa ukoo kwamba alikikuta kiwanja kitupu, na nyumba aliijenga yeye. Wazee wakakubali. Teresina na Kenyi wakahamia chumba cha kupanga, mtaa wa Lemon Gaba.

"Huyu si shemeji yako?" Namukasa aliuliza.

"Ndiye. Alikuwa mtoto mzuri."

"Nimkate?"

"Mwache. Alikuwepo."

Jumamosi baada ya misa, katekista Arkangelo alizionesha zote ishirini na sita. Zilienea skrini nzima, safi, hata misumari ya mlango ilihesabika. Laku aliketi mbele pamoja na wazee wa ukoo. Nyumba ilipoinuka kutoka msingi hadi paa, Gaetano akiwa na mwiko mkononi, mzee mmoja alisema, "Gaetano alijua matofali." Wenzake wakaitikia kwamba alijua kweli. Kisha wakaitwa kula.

Laku alimfuata Teresina pale alipokuwa akipakua. Macho yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli.

"Shemeji, siku zile tulikuwa na furaha."

"Tulikuwa nayo, Laku."

"Nami nipewe hizo picha. Nina runinga mpya, niziweke pale sebuleni."

"Inchi ngapi?" Namukasa aliuliza kutoka kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi.

"Hamsini na tano."

"Zitakaa vizuri."

"Umeitundika ukuta gani?" Teresina aliuliza.

"Ule unaotazama barabara."

"Hapo jua la jioni litaipiga, hutaona kitu. Itundike upande wa dirisha dogo. Nilimwambia Gaetano aliache dogo kwa ajili hiyo."

"Kumbe! Kila jioni nasumbuka," Laku alisema. "Kalas, basi, nitaihamisha."

Akamshukuru kwa mikono miwili, akaenda nyumbani. Teresina alimaliza kupakua, akavua aproni, akatoka barabarani kutafuta boda ya Lemon Gaba.